Sahani Moja

Milioni moja, laki moja na nusu:
nilizihesabu Bombo, kitandani, mlango nimeubana,
noti nyingine bado zikinuka rangi ya ukindu,
maana mama alisuka tabaga kumi na nne
na hakuuliza mashine ya kuzungusha santuri
itatupikia nini.

Katwe asubuhi ni nyundo.
Huyu anafua sufuria, yule anachomelea geti,
na katikati ya kelele hizo fundi Ssemwogerere
anauza vya kuongeza kelele:
redio zisizo na mgongo, spika zilizochanika midomo,
na rafu ya juu, chini ya shuka la maua,
sahani tatu za santuri.

"Hizi mbili pacha," akasema, "laki saba zote,
unaondoka hapa dijei kamili."
Ziling'aa. Zilikuwa na taa buluu pembeni.
Nikaweka kidole ukingoni, kidogo tu,
kama unavyomgusa mtoto usitake aamke.
Sahani ikasimama.
Mkanda. Ndani mna mkanda wa mpira, umelegea.
Nikaondoa kidole; nikahesabu moja, mbili, tatu, nne,
ndipo ikakumbuka kazi yake.
Bibi harusi akishaingia ukumbini
hangoji nne.

Binamu yangu Khemis akanikanyaga mguu:
chukua, Zamzam, mbili ni mbili,
nani amewahi kuona dijei wa sahani moja?
Watatucheka mpaka Wobulenzi.

Ya tatu ilikuwa mbaya wa sura.
Mfuniko haina, pembe imelika,
mtu alichonga jina lake kwa msumari
halafu akajaribu kulifuta kwa msumari uleule.
Nzito, Khemis aliinyanyua kwa kuguna.
Nikaweka kidole. Ikakivuta.
Nikakaza. Ikaendelea, kaidi,
mota imekaa chini ya sahani yenyewe,
hakuna dalali kati yao.
Laki sita na nusu. Moja tu.

Miksa, basi.
Ya chaneli nne ilijaa vifundo hadi ukingoni,
laki sita, na mimi nina mikono miwili
na ya kulia ndiyo inayosikia amri.
Nikaomba ya chaneli mbili.
Nikavaa hedifoni za fundi, zenye jasho la watu,
nikasukuma kitelezi kushoto, kulia, kushoto:
kikakwaruza kama jongoo kwenye karatasi.
"Vumbi," akasema, akadondosha spiriti, akapuliza.
Nikasukuma tena. Kimya.
Laki mbili na themanini, hashuki hata mia.

"Sindano iliyomo inatosha," akaongeza haraka,
na hapo ndipo nilipoitoa nje, juani.
Ncha imepinda, imetafunwa.
Sindano mbovu hula santuri,
na mimi santuri zangu ni kumi na moja,
za marehemu baba, za mshahara wake wa kambini,
kila moja ameandika kwenye ganda bei na tarehe
kama mtu aliyejua ataulizwa.
Sindano mpya, elfu tisini.
Hedifoni zangu mwenyewe, laki.
Zikabaki thelathini: nauli zetu wawili, chapati,
na Khemis kununa, ambako ni bure.

Sasa usiku sebuleni
santuri ya baba iko chaneli ya kushoto,
kulia nimechomeka simu yenye kioo kilichopasuka.
Nazuia sahani kwa viganja, naiachia,
wimbo unaukanyaga wimbo,
nasimamisha, narudia.
Mama yuko mkekani na ukindu wake,
kidole kinapita juu, chini, juu,
hainui macho.
Mara ya ishirini labda, au thelathini,
mkono wake ukasimama.

"Umechelewa," akasema.
"Ngoma ya pili. Umeiingiza umechelewa."

Nikarudisha sindano mwanzo.