Pancha, Njia ya Holme Lacy

Nilizitaka nyembamba. Nakiri.
Milimita ishirini na tatu, nyeusi tii,
kama wanja uliopakwa na mkono usiotetemeka.
Gethin wa dukani aliinua baiskeli yangu,
akapitisha kidole kati ya gurudumu na foku,
akasema: hapa ishirini na nane inaingia na nafasi inabaki,
utaijaza upepo kiasi tu, itakubeba taratibu,
na huku Hereford, ikifika Oktoba, wakulima hupogoa nyua.
Nilimsikia vizuri.
Nikalipia nyembamba.

Tyubu pia alinionyesha mbili:
ya bei kali, laini kama ganda la kitunguu,
na ya kawaida, nzito, inanuka kandambili mpya.
Akasema angalia urefu wa vali, rimu zako zina kina,
vali fupi itazama na pampu itakosa pa kushika.
Hilo nilimtii. Kwa siku moja
siwezi kukaidi yote.

Siku kumi na moja baadaye
natoka zamu ya usiku, kiwanda cha kuku,
saa kumi na mbili na robo, kiza bado,
manyunyu yasiyo na haraka ya kuwa mvua,
na njia nzima imetapakaa vijiti
ambavyo trekta lilivimega jana, likavitema.
Sikusikia mlipuko. Nilisikia msonyo
mrefu, nyuma yangu, kama wa wifi asiyependezwa,
kisha rimu ikaanza kuzungumza na lami.

Nikaigeuza miguu juu kwenye lango la shamba.
Ng'ombe wa nyuso nyeupe wakasogea kutazama.
Vijiko viwili vya plastiki; kimoja kikavunjika.
Nikabandua, nikachomoa, nikavisha tyubu mpya,
nikapanda najipongeza kwa sauti.
Mita mia mbili.
Msonyo tena.

Maana mwiba ulikuwa bado umo,
umejikalia ndani ya tairi
kama mpangaji mwenye risiti mkononi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Wahenga walisema hivyo, wakaenda zao,
hawakuacha solusheni wala kiraka.
Mimi nilikuwa na kiraka kimoja.

Nikavua glavu. Nikapitisha kidole gumba ndani ya tairi
polepole, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele umeme umekatika,
nusu duara, kisha nusu ya pili,
hadi ukanijibu kwa damu.
Mweusi. Mfupi kuliko punje.
Nikaung'oa kwa meno.

Nikasugua tyubu kwa msasa, nikapaka gundi, nikangoja.
Ukiwa na haraka, Gethin aliniambia,
kiraka nacho kitakuwa na haraka.
Nikangoja na ng'ombe.
Kisha mdomo wa tairi, kwa viganja, bila kijiko,
nikimalizia kwenye vali, nikichungulia kila upande
tyubu isije ikabanwa.

Pampu yenyewe haizidi filimbi.
Nane, napumzika. Nane, napumzika,
mpaka pumzi zangu zikawa na ukwapi na utao
na ubeti ukaja wenyewe:

Upepo ingia ndani, tairi ijae tele,
Nifike kwangu nyumbani, usingizi uko mbele,
Wembamba nilitamani, mwiba nao vilevile,
Kesho narudi dukani, ninunue nene ile.

Gethin hakuuliza kitu.
Aliona plasta kidoleni, akapanda ngazi,
akashuka na ishirini na nane mbili
na vijiko vya chuma.

Zinabeba, sikatai. Vijiti vinavunjika chini yangu
na mimi nawaza chai.
Lakini zile nyembamba sikuzitupa,
ziko msumarini nyuma ya mlango wa jikoni.
Julai, lami ikikauka, nitazivisha tena,
niende mahali pasipo na ua hata mmoja.
Bado napatafuta kwenye ramani.