Kamba Thelathini na Tisa

Juu kabisa ya programu ya kwanza pameandikwa USIGUSE,
kwa herufi kubwa, kama kila kitu humu:
lugha hii ya zamani haijui kunong'ona.
Bwana Shee aliyeiandika yuko Maskati siku hizi,
hajibu simu.

Nikagusa.

Ghala la Yusufali na Wanawe, Malindi, chumba cha juu,
feni inazungusha vumbi la saruji.
Nimehesabu programu thelathini na tisa:
ankara, madeni, misumari kwa kilo, mabati kwa futi,
na kila moja hulifungua faili la wateja kwa mkono wake,
hutafuta kwa njia yake,
hufunga, au husahau kufunga.
Kisima kimoja, na kila mtu kaja na kamba yake,
ndoo yake, na tope la miguu yake.

Mwezi uliopita tarakimu nne zilijaa.
Mteja wa elfu kumi, fundi Kalume wa Muyeye,
alitaka mabati sita tu; mashine ikamwita 0000.
Alicheka.
Ankara yake ilipokwenda kwa mtu mwingine hakucheka tena.

Kuongeza tarakimu moja, mara thelathini na tisa?
Nikaandika kijisehemu kimoja, waitane nacho wote:
FUNGUA, TAFUTA, SOMA, ANDIKA, FUNGA.
Ugomvi wote na diski umo mle ndani.
Amtakaye mteja abishe hodi, apewe kwa kata;
kina cha maji hakimhusu,
wala kama kesho tutahamia kisima kingine.

Kisha nikaanza kuzing'oa kamba za zamani.
Ile ile, ile ile, hata makosa ya tahajia yale yale,
mpaka ya ishirini na saba, programu ya riba.
Mstari umezidi:
KAMA NAMBA NI 0417, RUKA.
Basi. Hakuna maelezo.

Nikashuka ngazi. Mustansir alikuwa anapima misumari.
"0417?" Aliitazama mizani kana kwamba ndiyo iliyouliza.
"Bi Mejumaa wa Gede. Mumewe alianguka kutoka paani,
bati letu mkononi, bado hajalilipia.
Baba akasema asitozwe riba.
Alimwambia Shee wakinywa chai. Karatasi haipo."

Miaka thelathini huruma ile ilikaa
ndani ya nakala moja kati ya thelathini na tisa.
Ningefagia kwa haraka, ningeifagia nayo.

Sikuurudisha mstari ule.
Nililiongezea faili la wateja safu mpya, herufi moja tu,
ndiyo au hapana: ASAMEHEWE RIBA.
Sasa programu zote zinaiona, hata ya misumari.
Nikachapa orodha, Mustansir aitie sahihi.
Ilikuwa na jina moja.

Alilisoma muda mrefu. Akaomba kalamu,
akaandika la pili chini yake,
akanirudishia karatasi bila kunitazama.