Mbuzi Asiyekula Majani

Bwana wa kaunti alikuja Maweni na fomu tatu,
akakaa kwenye benchi langu, akaagiza chai ya tangawizi,
akauliza: mashine hii kaibuni nani?
Fomu ina mstari mmoja.
Nikauangalia. Haumtoshi hata Chengo na jina la babake.

Nikamwambia, andika polepole, bwana.

Mbodze alikuwa na nazi mia nne za harusi ya Shella
na mkono wa kulia umevimba kama andazi.
Tangu alfajiri yuko juu ya mbuzi,
ile ya kukunja, ya mamake,
akakuna hadi ya sabini, akalia.
Kilio kikavuka ukuta wa mabati
kikamkuta Aboudi wa cherehani ana uzi mdomoni.
Hakusema pole.
Alisema: "Kinachozunguka hakichoki."

Basi.
Mota ilitoka kwa Mwambire, msuka nyaya,
aliyekuwa na mashine ya kufulia ya hoteli iliyofungwa,
imelala nyuma ya banda, kuku wanatagia ndani.
Gurudumu la mkanda Aboudi alilichomoa kwenye cherehani ya marehemu shangazi yake,
akaliomba radhi kwanza.
Meno akakata Chengo, kwa springi ya lori,
na kila jino alipolitumbukiza majini likiwa jekundu
lilisema ta!
likapasuka.

Siku tisa, ta.

Chengo akafunga mlango, hataki mtu ajue.
Lakini mabati hayana siri:
mtaa mzima tulikuwa tunahesabu.
Mimi nikapita na birika, kama nipitavyo,
banda hadi banda, vikombe sita na maneno ya watu,
nikamwambia Mbodze, ambaye hajui chuma.
Akasema: "Hata chungu cha moto hupasuka
ukikimwagia maji ya baridi.
Nina mafuta yaliyochacha, debe zima. Mpelekee."

Jino likazama kwenye mafuta ya nazi.
Moshi ukanuka wali ulioungua,
tukaona njaa wote, hadi wateja wa pikipiki.
Jino halikusema kitu.

Bwana, umeandika? Bado. Kunywa chai.

Maana wiki ya pili Rukia wa aiskrimu
akataka chicha laini zaidi, Chengo akatukana, kisha akakata meno madogo.
Kifuniko kililetwa na kidole cha Mwambire
(kimepona, kimepinda kidogo).
Nyevu akaja kuchukua vifuu vya kuchomea makaa,
na makaa yale yale sasa ndiyo yanayochemsha hii chai
na kuwasha tanuri la Chengo.

Alikuwepo Badi. Alinunua moja, akahamia nayo Mtwapa,
akafungua karakana yake peke yake, kufuli mbili.
Alichukua vipimo vyote, hata rangi.
Mwezi wa tatu mkanda ukakatika, meno yakawa butu,
akapiga simu usiku.
Si kwamba Mtwapa haina mafundi.
Ila majirani zake huwasikia wakipita tu,
na ukuta wake ni wa mawe.
Tukamwambia rudi. Hajarudi. Anatuma meno kwa basi,
Chengo anayanoa, anayarudisha, hamtozi nauli.

Hapo Aboudi akaita kutoka ng'ambo:
lete bisibisi ya nyota iko kwa Mwambire,
na mwambie Mbodze mota inanuka!
Nikachukua birika nikaenda.

Niliporudi benchi lilikuwa tupu,
fomu moja imesahauliwa chini ya kikombe,
duara la chai limekaa juu ya ule mstari.
Kando yake ameandika: *tazama nyuma.*
Nyuma amejaza hadi pembeni, majina yamebanana
kama watu wa kwenye foleni ya maji,
amekata, ameongeza, amechora mishale,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo:
*na mama wa chai. Jina?*

Chai hakulipa.
Atarudi.