Mkono Uliotangulia

Askofu alikufa wiki ya barafu,
na kabla ardhi haijakubali jembe
mjumbe wa Kaisari alikwisha fika Ellerbach
na farasi wanne na mizani ya fedha.
Wezelo, akasema, chonga fimbo ya kichungaji.
Bwana wangu atamkabidhi Folkmar,
fimbo na pete, kwa mkono wake mwenyewe.

Folkmar namjua.
Anawajua mbwa wa kuwinda kwa majina,
na majina ya mama zao.
Misa huisoma kama mtu avukaye mto juu ya mawe,
akirukaruka.

Usiku wa tatu akabisha mtawa,
miguu kaifunga matambara, ndevu zimeganda.
Naye alitaka fimbo.
Ni ya Gerhoh, akanong'ona, chaguo la Papa.
Na ni haramu, Wezelo, haramu kabisa,
mkono wa mlei, unaonuka hatamu na damu,
kumpa askofu alama ya uchungaji.

Nikautazama mkono wangu.
Una kovu la patasi, una gundi kuchani.
Nao ni wa mlei.
Nilitaka kumwuliza, nikaona ana njaa,
nikampa mkate.

Pembe nilikuwa nayo moja tu,
ya mnyama nisiyepata kumwona.
Mchuuzi wa Venisi aliniapia
kwamba ni mkubwa kuliko ghala la zaka,
na wawili wakipigana, msitu hulala chini.
Sijui. Tembo sijawaona.
Nyasi nimeziona.

Nikaipasua pembe katikati.
Fimbo mbili, ndugu wa tumbo moja,
na mshipa wa rangi ya maziwa yaliyochacha
ukianza katika hii, ukimalizikia katika ile.
Hakuna aliyeutambua.
Mmoja alinilipa. Mwingine aliniombea.

Pasaka ile tulikuwa na askofu ndani ya kanisa kuu
na askofu nje ya lango.
Wa ndani akamlaani wa nje, mishumaa ikasagwa sakafuni.
Wa nje akamlaani wa ndani,
na kila aliyekula mkate wa altare yake.
Mwokaji akakataa kumwuzia mshona viatu.
Mshona viatu akatembea na njaa yake, mwokaji na vidole vyake nje.

Binti yangu Hazecha alijifungua wakati wa mavuno.
Mtoto alikuwa na midomo ya buluu,
padri wa Folkmar akambatiza mbio mbio.
Siku mbili.
Tulipompeleka makaburini
tukakuta funguo zimehama kiunoni kwa mtu mwingine.
Maji yale si maji, akasema,
ubatizo ule si ubatizo.
Tukamzika nje ya ukuta, penye upupu.
Hazecha hakulia. Aliuliza tu
ni hatua ngapi kutoka ukutani.
Kumi na moja.

Sasa patasi inanitetemeka.
Folkmar kafa, Gerhoh kafa,
na Jumanne karani alisimama sokoni
akasoma kwa Kilatini, kisha kwa lugha yetu:
wamepatana.
Pete na fimbo zitatoka kwa Kanisa.
Kaisari atagusa kwa fimbo yake ya enzi
mashamba na ngome na ushuru wa daraja,
roho hazigusi.
Watu wakashangilia, mtu akatoboa pipa.

Nikajipenyeza hadi mbele.
Na ukuta je?
Ukuta gani, mzee?
Wa makaburi. Umeandikwa kusogezwa?
Akaipindua ile ngozi, akatazama na mgongoni mwake,
akatazama kweli, kijana mwenye adabu.
Hamna, akasema.

Yalibaki mabaki ya pembe, enzi zile,
nikachonga kijipete cha mtoto kutafunia
meno yakianza kuota.
Hazecha bado anacho.
Hufungia mfuko wa chumvi.