Nasoma kwa Kuchungulia

Kitabu cha kuuza hakifunguliwi wazi.
Nakiachia vidole viwili tu, kama mlango wa jirani mgonjwa,
nachungulia mstari hadi mstari, shingo upande,
mikono nimenawa kwa sabuni ya kipande,
maana mteja wa Arua hunusa kurasa kabla ya kuuliza bei
na akiona alama ya mafuta ya mandazi atataka punguzo.

Wiki jana umeme ulikatika siku tano.
Kwa tochi ya simu nilimaliza juzuu ya tatu
ya ule ufalme ulio chini ya ziwa
ambako watu hulipa kodi kwa vivuli vyao.
Juzuu ya kwanza ilininyima usingizi, nakiri.
Yule mama aliyekata kivuli cha mwanawe kwa mkasi,
akakikunja kama kanga, akakificha chunguni chini ya mtama:
siku hiyo nilifunga kibanda mapema
nikatembea hadi nyumbani nikikiangalia changu
kinavyoburuzika vumbini, bado hakijalipiwa.
Lakini hii ya tatu!
Mwana wa mfalme kafa, kafufuka,
kafa tena ukurasa wa mia mbili, nami sikutoa hata chozi,
nilijua atarudi tu, kama bili ya maji.
Joka nalo linahutubia kurasa kumi na nne.
Joka! Lina mapanga mdomoni, lina haja gani ya hotuba?
Ondoga, fundi wa pancha hapa pembeni,
alinisikia nikilalama peke yangu
akauliza nani amenidhulumu.
Nikamwambia, mwandishi.
Akasema, "Mdai."

Hata hivyo nimeagiza ya nne. Usinicheke.
Nataka kujua kile kivuli cha chunguni kimekua au la.

Kisha kikaja kingine, ndani ya boksi lililolowa njiani,
jalada baya, rangi ya dawa ya minyoo:
hadithi ya wapagazi wa vita vya Mjerumani.
Nilikianza kwa ukali. Mimi na riwaya za zamani hatuaminiani.
Huwavika wafu mashati yaliyopigwa pasi,
huwapa maneno ambayo hata diwani wetu hana.
Ukurasa wa tisa, mpagazi anafunga kamba za viatu.
Viatu!
Nikachukua penseli, mimi, ninayegombeza watoto kwa kukunja pembe,
nikaandika pembeni: "Babu yangu alikwenda miguu peku."
Alikwenda peku, akarudi peku, vidole saba,
vitatu vililiwa na funza.
Hakusimulia. Akiulizwa vita, alionyesha mguu.

Ila mwandishi huyu, mjanja au mwenye huruma, sijui,
ukurasa wa mia na themanini anamvua yule mtu viatu.
Vinaibwa usiku, mvua inanyesha,
na asubuhi mzigo ni uleule, ratili hamsini.
Anahesabu siku kwa mafundo ya kamba,
kamba inapokwisha anahesabu kwa vidole vya miguu,
na siku ya nane
hana cha kuhesabia.

Nilikifungua wazi.
Sikukusudia. Nilitaka mwanga, nilitaka mikono miwili,
na mgongo wa kitabu ukalia ka! kama kuni kavu.
Nilipofika mwisho nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya maboksi,
mafuta ya mandazi kila ukurasa.

Leo asubuhi muuguzi Candiru, mteja wangu wa mkopo,
amekiona rafuni, kimejiachia kama mtu aliyeshiba.
"Hiki bei gani?"
Nimemwambia hakiuzwi, kimevunjika.
"Basi niazime."
Nimefikiri muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.
Kisha nikamtolea juzuu ya kwanza ya vivuli,
mpya, haijachunguliwa na mtu,
ndivyo nilivyomwambia,
nikampunguzia shilingi elfu mbili
kwa ajili ya uongo.