Safu Mbili Ubaoni

Mwezi wangu wa tatu Kitangari, bado naitwa mgeni,
nikapiga mstari katikati ya ubao:
kushoto shairi, kulia shairi,
majina ya watunzi nimeyaficha mfukoni.
Kidato cha Tatu, nikasema, linganisheni. Kisha tofautisheni.

Kushoto:

    Mkorosho wetu mwema, umeshika mpakani,
    Babu kapanda mapema, mvua zikiwa njiani.

Kulia:

    Mkorosho wetu
    mwaka huu umezaa deni la salfa
    na kivuli
    cha kukalia tukilihesabu.

Wakaanza vizuri. Huyu ana mizani, kumi na sita, hesabu kwa vidole.
Yule anavunja mstari kama kuni, pale panapokubali.
Huyu anamtaja aliyepanda, yule anayelipa.
Huyu mvua inakuja; yule hata wingu hana.
Nikaandika mpaka vumbi la chaki likanijaa puani.
Mashairi mawili, nikawaambia, ni madumu ya maji kwenye baiskeli:
ukishusha moja kwa pupa, lililobaki linakuangusha.
Wakacheka. Maji ya kupanda nayo mlima wanayajua kuliko mimi.

Na kufanana je?

Kimya.
Nje mtu alipita na ndoo ya mabibo,
harufu ikaingia kabla yake, ikatoka baada yake.
Somoe Likanga kainamia daftari.
Aloisi Nanjota anahesabu misumari ya bati.
Ni Asumini, mtoro wa kila Jumatatu,
aliyesimama bila kunyoosha kidole:

Mwalimu, yote mawili yanasema *wetu*.

Vizuri, nikasema, nafsi ya kwanza, wingi, sasa tazameni...

Mwalimu. Mkorosho wenyewe ni ule mmoja.
Baraza la kata limeshakaa mara nne.

Nilikuwa nimeandika KUFANANA juu huku, TOFAUTI juu kule,
na lile neno nimelishika kwenye ncha ya chaki
nisijue nilitue wapi.
Silabi mbili tu.
Wetu, mimi na wewe.
Wetu, sisi, na wewe kaa kwenu.
Hakuna herufi inayobadilika.
Mizani yangu haikulipima, wala ile ya ghalani isingelipima.

Kengele. Sikufuta.
Mwalimu Chipande wa Hisabati akaingia, akasoma, akaguna,
akaandika milinganyo yake pembeni, kwa herufi ndogo ndogo,
akizunguka
kama mpalizi anayekwepa shina.