Dole Gumba la Kushoto

Vifaa: penseli, karatasi chakavu,
solotepu ya shilingi mia tano,
na watu.

Mwalimu Kyaruzi alichora ubaoni maumbo matatu:
kitanzi, kinachotokea kulekule kilikoingilia;
pia, inayojizungusha hadi ikashikwa na kizunguzungu;
tao, mstari unaopanda kidogo ukashuka,
kama tuta la barabara ya Buza.
"Vitanzi ni vingi," alisema. "Tao ni haba. Kahesabuni."

Tukaingia mtaani, mimi na Tusajigwe.
Fundi cherehani: kitanzi, na kovu la sindano katikati.
Muuza chipsi: kitanzi, daftari likanuka mafuta mpaka Ijumaa.
Mama Rozi wa saluni: pia, imepauka kwa dawa za nywele.
Mapacha wa nyumba ya pili: mmoja kitanzi, mmoja pia;
mama yao akakataa, tukarudia mara mbili,
akakataa tena.
Baba Mkubwa Pazi alicheka, akatia mkono mfukoni:
"Mimi si mhalifu, mwanangu."
Tukaandika: hayupo.

Bibi Siwema alikuwa anachekecha unga wa muhogo.
Akafuta dole kwenye khanga, akanipa kama anayenikopesha.
Nikalisugua penseli, nikabandika,
nikabandua taratibu kama ganda la kitunguu.
Tao.
Tusajigwe akapiga mluzi: la kwanza kwa siku tatu!
Bibi akauliza kama ni ugonjwa.

Kulikuwa na maksi tano za ziada
kwa atakayepata alama ya zamani ya mtu
akailinganisha na ya leo,
kuonyesha kwamba kidole hakibadiliki.
Usiku nikavuta kopo la maziwa chini ya kitanda cha Bibi.
Kadi ya kliniki ya baba. Risiti za maji.
Hati ya mauzo, mwaka tisini na nane:
kiwanja cha Buza, minazi mitatu, msingi wa nyumba.
*Muuzaji hajui kusoma. Ameweka dole gumba la kushoto.*
Wino wa zambarau, haujafifia.

Nikaweka lenzi.
Mstari ukazunguka. Ukazunguka tena.
Nikageuza karatasi juu chini, nikidhani kosa ni langu.
Pia ukiigeuza ni pia.

"Unatafuta nini?"
"Maksi tano, Bibi."
Akakaa kitandani. Hakuitazama hati.
"Mimi siku hiyo nilikuwa Muhimbili, nimelazwa," akasema.
"Lile dole nalijua. Nimelikata kucha.
Lilipoota mdudu nililifunga kitunguu cha kuchoma,
usiku saba, linalia, nalibembeleza."
Kisha: "Rudisha kopo. Uchafu ule chini ya kitanda,
kesho ufagie."

Jumamosi, maonyesho, ukumbi wa shule.
Watu tisini na saba: vitanzi hamsini na nane,
pia thelathini na nne, tao tano.
"Na alama ya zamani?" Mwalimu akauliza.
Tusajigwe akanitazama.
"Haikupatikana," nikasema.
Tukawa wa tatu. Wa kwanza walitengeneza volkano.

Baba Mkubwa alikuja amependeza, akapiga makofi kuliko wote.
Akaninunulia soda, akajinunulia na yeye,
sambusa mkono wa kulia, chupa mkono wa kushoto,
na kila alipocheka dole lilihama kidogo kwenye ubaridi wa kioo.
Alipoitwa na simu aliiacha mezani, mbele ya chati yangu.
Nikangoja ikauke.
Penseli ninayo. Solotepu imebaki kama inchi mbili.
Kwenye mwanga wa dirisha niliona mistari,
bado sijaona inaelekea wapi,

Bibi akaichukua chupa.
Akaifuta kwa pindo la khanga, shingo, tumbo, kitako,
kama anayemwogesha mtoto,
akasema mwenye duka anadai chupa zake,
akaenda kuirudisha.